Ngazi ya Kupandishia Paneli

Nilikubali paneli za sola kwa sababu ya gari la mwanangu. Mimi balbu moja ilinitosha. Yeye alipata kazi ya kuendesha gari la umeme, anachukua wageni kwenye hoteli za ziwani anawapeleka Kigali. Gari lile lisipochajiwa usiku, asubuhi halitoki. Na sisi tunakaa Nyamyumba, mlimani juu ya Rubona, ambako umeme unakatika ukipenda. Mwenye gari alishamwambia: ukimkosa mgeni mwingine, lete ufunguo. Donc basi, tukamwita fundi. Paneli zikusanye mchana, betri zitunze, gari linywe usiku.

Fundi ni mtoto wa waliorudi kutoka Kongo, anakaa mjini karibu na mpaka. Alikuja na mwenzake na betri nzito kama mifuko ya simenti. Akazunguka nyumba, akatazama jua, akasema paneli zikae upande wa kaskazini. Upande huo ukuta unashuka na mlima, ni mrefu. Ngazi yake ikaishia katikati.

"Mama, ngazi yangu iko mufupi. Hakuna mutu wa karibu mwenye iko na ya murefu?"

Nikamwambia hakuna. Nikaingia jikoni kuangalia maharage. Kutoka, nawaona wanashuka kutoka kwa jirani wa juu, ngazi mabegani, wanacheka.

"Mama, umenidanganya! Papa wa pale juu iko nayo, tena ya chuma. Amenipatia bila maneno."

Mtu aliyekulia huku asingefanya kosa hilo. Huku kila mmoja anajua nyumba gani haiazimi kitu kwa nyumba gani. Mimi na jirani yule tunasalimiana, tunasali kanisa moja, lakini chumvi yake haijawahi kuingia kwangu. Jina lake siandiki. Ni yule mwenye mashine ya kusaga muhogo, yule wa kwaya, mwenye sauti nzuri. Anayekaa huku ameshamjua.

Ngazi ilikuwa imepakwa rangi ya kijani. Wakaiegemeza ukutani, nikaisogelea. Vidato vyake vyote ni chuma bapa, isipokuwa kimoja cha chini, ambacho ni kipande cha bomba la maji. Bomba hilo alilichomelea baba yangu. Alikuwa fundi wa rangi, alipaka nyumba za wazungu kule ziwani, na ngazi hii ilikuwa inalala nyuma ya nyumba yetu, hapahapa ninapokaa leo.

Wakati wa mauaji ya kimbari, kaka zangu wawili walijificha juu ya dari. Mimi na mama tulikuwa tumeshavushwa kwenda Goma. Baba alikuwa ameuawa barabarani. Mtu alileta ngazi ndani ya nyumba, akaisimamisha kwenye tundu la dari, wakashushwa wakauawa. Tuliporudi tulikuta kuta tu.

Kwenye gacaca, mahakama ya kijiji, tulipokaa kwenye nyasi kuulizana, jirani alisimama akasema yeye alifika siku za mwisho kabisa. Mabati yalikuwa yameshaondoka, dari imeshaondoka, hakukuta mtu. Alichukua mlango tu. Akaomba msamaha wa mlango, watu wakampigia makofi. Na ngazi je? Akasema ngazi aliichukua mtu fulani aliyefia kambini Kongo. Wafu wa kambini walichukua vitu vingi sana kwenye gacaca yetu.

Mwanangu alitoka nje akaniona nimeshika kile kidato.

"Mama, vipi?"

"Hii ni ya babu yako."

Akatazama ngazi, akatazama mawingu juu ya ziwa. "Mama, ni ngazi tu. Waache wapande, mvua inakuja. Kesho nina mgeni."

Sikubishana. Wakapanda. Nilikaa kwenye kigoda nikawatazama watu wakitembea juu ya bati langu, wakitoboa, wakikaza. Walifanya vizuri. Paneli zikakaa, waya ukashuka mpaka ukutani, pale pa kuchajia gari, fundi akajaribu kama kunafanya kazi, taa ndogo ikawaka.

"Bon! Sasa turudishe ngazi ya papa."

"Ngazi inabaki," nikasema.

Fundi akafikiri natania. Alipoona sicheki, akaanza kukusanya vyombo vyake.

Haikupita muda jirani akashuka mwenyewe, mchangamfu, fimbo mkononi.

"Mama, sasa mmekuwa matajiri, mnakamua jua! Nimekuja kuchukua ngazi yangu kabla hamjaipitishia umeme."

"Karibu, mzee. Umeinunua wapi?"

"Sikununua. Ni ya zamani hiyo."

"Hiki kidato ni cha baba."

Akakitazama. Nadhani alikuwa amesahau kwamba kipo. "Mama, mambo hayo yaliisha. Mimi niliikuta tu."

"Uliikuta wapi?"

"Si humo ndani? Ilikuwa imesimama kwenye tundu la dari, hakuna mtu anayeitumia, nikasema—"

Alisikia mwenyewe alichosema. Kwenye gacaca alifika dari imeshaondoka. Sasa alikuwa ameiona dari, na tundu, na ngazi ikiwa bado imesimama.

Mwanangu alikuwa anachomeka waya kwenye gari. Akaacha. Alimtazama mzee yule, na mzee akatazama fimbo yake.

"Mvua inakuja," jirani akasema. Akapanda kwake taratibu. Ngazi hakuiulizia tena, wala hakuwahi kuja.

Gacaca ilishafungwa zamani. Nilifikiria kwenda kwa kiongozi wa mudugudu, kijiji chetu, sikwenda. Angetuita wote wawili, angesema tupeane mkono.

Kesho yake gari lilikuwa limejaa umeme, mwanangu akaenda na mgeni wake. Jioni alirudi na mnyororo na kufuli, vitu ambavyo sikumtuma. Akaifunga ngazi ukutani chini ya waya wa gari, akanipa ufunguo, akaingia kula.

Vumbi likikaa kwenye paneli mimi ndiye ninayepanda kufuta. Kutoka kule juu naona uani kwake, na yeye akiniona anaingia ndani. Ile rangi ya kijani nimeikwangua kwenye kidato cha bomba. Kwingine nimeiacha.