Singe ya Bunduki ya Mzee

Harufu ya mafuta ya kitani ilinisimamisha juzi sokoni Batha, hapa Riyadh, nilipokuwa napita mbele ya duka la rangi. Nilijiona mtoto tena, juu ya paa la nyumba yetu ya Ghulail, Jeddah.

Baba alikuwa seremala, na kazi zake alizifanyia huko juu ya paa. Mzee mmoja wa jirani alimletea bunduki kuukuu ya jeshi, akataka igeuzwe iwe ya kuwindia. Baba aliipenda kazi ile. Aliuondoa ubao mzito uliofunika mtutu, akachonga kitako kipya cha msaji, akakipiga msasa siku mbili, kisha akakipaka mafuta hayo ya kitani kwa kitambaa.

Mama hakutaka hata kuiona. "Bwana, hiyo ibaki huko huko juu. Mimi nazijua," alisema. Aliondoka Unguja wakati wa mapinduzi, akiwa mdogo kuliko nilivyokuwa mimi wakati ule.

Kazi ilipokaribia kwisha, mama alipanda na birika la chai. Aliitazama bunduki kwa muda, kisha akaonyesha kwa kidole kichuma kilichotokeza chini ya mdomo wa mtutu.

"Na hiki?"

"Hapo ndipo inapofungwa singe, kile kisu cha kuchomea watu vitani," baba akajibu. "Kesho nakikata. Mwindaji hana haja nacho."

"Nipe msumeno."

Baba alitaka kucheka, akaacha. Aliishika bunduki kwa mikono miwili isicheze. Mama akakikata kichuma mwenyewe, jasho likimtoka, bila kupumzika, mpaka kikaanguka sakafuni.

Baba akampokea msumeno, akammiminia chai yeye kwanza.