Hebu Chuchumaa Tuone

Jumamosi, kwa kinyozi pale Merrylands, kamati ya timu yetu ya mpira wa kikapu ilikuwa inabishana: tuwatoe vijana wawili kwa wapinzani wetu, tuchukue senta wao nyota mwenye miaka arobaini? Senta mwenyewe alikuwa ameketi palepale, anasubiri kunyolewa.

Mwenyekiti wetu akainama, akamminya goti kama mtu anayenunua ng'ombe. "Hili bado liko fit? Hebu chuchumaa tuone."

Yule bwana akachuchumaa, akainuka bila kushika kiti. "Haya, mwenyekiti, na wewe."

Mwenyekiti akaanza kutafuta simu mfukoni.

Hasira haijanitoka mpaka leo. Mnaoniuliza kama tumchukue, jibu langu ni tumchukue, ila kwanza kamati nzima ichuchumae.