Barua ya Waziri Isiyo na Tarehe

Siku yangu ya kwanza kwenye hifadhi ya nyaraka, hapa Saint Paul, Mkuu wa Hifadhi alinikabidhi makasha kumi na moja ya karatasi za marehemu mmoja, waziri katika serikali ya Marekani zaidi ya miaka mia iliyopita. Mimi, mtoto wa Korogwe, bosi wangu maiti! Nilicheka peke yangu ndani ya basi mpaka nyumbani, mtaa wa Frogtown.

"Usipange," Mkuu aliniambia. Mtu mtaratibu, hajawahi kupandisha sauti. "Acha kila karatasi pale alipoiacha mwenyewe."

Moyoni nikasema, huyu mvivu tu. Nyinyi wanafunzi mnaokuja kula pilau kwangu hamjui masijala, ofisi ya majalada ya serikali. Niliifanya Tanga miaka tisa. Kila barua ilipewa namba ikafuata tarehe, mpya juu. Isiyo na tarehe ililala chini kabisa. Karani aliyechanganya alikiona cha mtema kuni.

Basi nikamfuata Waziri, kasha kwa kasha: wakili wa mji mdogo, mbunge, hatimaye uwaziri wenyewe. Mwandiko wake mbovu niliuzoea kuliko wa mume wangu. Nilimpenda, nisiseme uongo. Kasha la tisa nikakuta bunda limefungwa utepe, barua za miezi yake ya mwisho ofisini, shaghalabaghala. Nilimwonea haya. Nikafungua, nikapanga kwa tarehe, nikajisifu. Hakuna aliyejua.

Miaka ikapita. Akaja mjukuu wake, bibi wa miaka tisini, binti yake kamleta kwa gari kutoka mji wa Savage. Magazeti ya enzi zile yaliandika kwamba Rais alimfukuza babu yake. Nyumbani waliambiwa alijiuzulu mwenyewe. Alitaka kujua ukweli kabla hajafa.

Barua ya Rais ya kumtaka aondoke ilikuwa na tarehe. Rasimu ya Waziri ya kujiuzulu haikuwa nayo.

"Tutaona tu," Mkuu akamwambia. "Kila karatasi aliyoimaliza aliiweka juu ya zilizotangulia." Akafungua bunda. "Rasimu iko chini. Aliandika kwanza. Babu yako hakufukuzwa."

Bibi machozi yakamtoka, akanishika mkono kwa nguvu. Jamani! Ningenyamaza, nani angejua? Nilibakiza miaka miwili nistaafu, na mbele yangu mtu mzima analia kwa furaha. Nilitamani sana kunyamaza.

"Nimeiweka mimi pale," nikasema. "Nilifungua utepe, nikapanga upya, isiyo na tarehe chini. Ilipokuwa mwanzo sikumbuki. Nisamehe, bibi."

"Kwa hiyo sitajua."

"Hutajua, bibi."

Akauachia mkono wangu. Hakunitukana, na afadhali angenitukana.

Asiyesikia la mkuu, mnajua wenyewe. Ila mimi sikufukuzwa. Mkuu alinipa karatasi na kalamu ya risasi, akasema, "Andika ulichofanya, tia sahihi, kiweke humo humo." Nikaandika, nikatia sahihi.

Sasa nimestaafu, nanyi mnaniuliza nimeacha nini kule baada ya miaka yote ile. Kazi yetu hiyo ukiifanya vizuri huonekani. Nimeshika karatasi za watu wengi sana, wanangu, na jina langu liko mahali pamoja tu: kasha la tisa, juu ya barua za Waziri, chini ya maneno "Mpangilio huu si wake."