Mwaitu Alipoteremka Kisimani

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili huko Kyuso, hakuna mtoto aliyethubutu kukanyaga mchanga wa mto saa sita mchana. Saa hiyo, tuliambiwa, ni ya aimu, wale wafu wasiotulia. Mto wetu hauna maji juu. Watu huchimba visima mchangani, kila boma na chake.

Kiangazi hicho nyanya yangu, tuliyemwita Susu, aligombana na mdogo wake Kalunde kisimani. Mbele ya wanawake wote akamwambia, "Maji yangu hutayaonja tena mpaka ufe." Kwetu neno kama hilo kutoka kwa dada mkubwa ni kiumo, yaani laana, na haliondoki mpaka aliyelisema achukue maji mdomoni amtemee mwenzake kifuani, kwa baraka.

Haukupita muda, miguu ya Kalunde ikavimba. Akashindwa kutoka nyumbani. Ng'ombe wake akafa. Majirani walipomjia Susu, aliwafokea: "Mimi nimeokoka! Mambo ya kutemeana ni ya giza. Yeye ndiye aje aombe msamaha." Mchungaji alimsihi tu aende amwone. Hakwenda. Jumapili aliongoza maombi kwa sauti kubwa kuliko zamani, nami nikaanza kumwogopa.

Mdogo wangu Syombua alikuwa na miaka kama minne. Alipewa jina la mama aliyewazaa Susu na Kalunde, kwa hivyo Susu alimwita Mwaitu, yaani "mama yangu" kwa lugha yetu, na kumtii kwa mzaha. Mwaitu akitaka uji, uji unakuja.

Asubuhi moja Syombua akamuuliza, "Kalunde pia ni mtoto wangu?"

"Eeh, Mwaitu. Kitinda mimba wako."

"Mbona unamnyima maji?"

Susu aliinuka akaenda kupepeta ndengu.

Jua lilipofika utosini, Syombua hakuonekana, wala kibuyu kidogo cha kuchotea maji. Tulikimbia mtoni, Susu akiita jina la Yesu na jina la mamake pamoja. Upepo ulizungusha vumbi mchangani. Tulimkuta ndani ya kisima chetu, akichota, na kuta za mchanga zikimomonyoka juu yake.

"Mwaitu, usisonge!" Susu alilala kifudifudi, akamvuta kwa mkono. Ukuta ukaporomoka pale pale alipokuwa amechuchumaa.

Syombua hakulia. Alikuwa amekumbatia kibuyu. "Beba," akasema. "Twende kwa mtoto wangu."

Susu alibeba. Kwa Kalunde alipiga magoti mlangoni.

"Mwaitu amenituma."

Kalunde alicheka kidogo kitandani. "Amechelewa. Na wewe kichwa ngumu, ulikuwa unangoja utumwe?"

Susu akamtemea maji kifuani, kisha wakaomba kwa jina la Yesu wakiwa wameshikana mikono. Syombua alimnywesha mwenyewe, mengine yakimwagikia shingoni.

Kalunde alikufa kabla ya mvua. Wengine walisema kiumo kilikuwa kimeshaota mizizi. Nesi alisema ni moyo. Mimi sijui.

Shule niliiacha kidato cha pili, na siku hizi nafundisha watoto kanisani. Nikifika pale Bwana anapomsimamisha mtoto katikati ya wanafunzi wake, sifikirii utamu wa watoto. Nafikiria kwamba Syombua hakungoja kuombwa msamaha. Alisikia mtu ana kiu, akatoka. Kazi ile ilikuwa ya Susu, na ya wakubwa wote walioijua. Waliiacha mpaka ikachukuliwa na mtoto, na ilibaki kidogo tu imzike.