Mzamiaji wa Bilele Aliyesubiri Ruhusa ya Mama

Asubuhi ya Jumamosi, mwaka 1971, Ildefons Rugaibula anapakia mikungu ya ndizi kwenye mtumbwi katika mwalo wa Kemondo, ufukweni mwa ziwa. Anaipeleka kisiwa cha Bumbire, ambako samaki ni wengi na migomba ni michache. Mdogo wake, Kaijage, anamshikia kamba.

"Ukirudi bila sato, usipite kwangu," anasema Kaijage.

"Sato nitampa mkeo. Wewe utakunywa mchuzi," anajibu Ildefons, na mtumbwi unaondoka.

Kabla ya adhuhuri upepo unageuka. Watu watatu wanaokolewa wakiwa wameng'ang'ania mtumbwi uliopinduka. Ildefons haonekani siku hiyo, wala hajaonekana hadi leo.

Kwa wiki nzima wanaume walikokota nyavu na ndoana wasipate kitu. Ndipo wazee wa ukoo, huko Buganguzi, wakafanya kama ukoo wao ulivyofanya siku zote mtu anapopotea majini. Walikata mgomba wenye urefu wa mtu, wakauvika shuka, wakauzika kwenye kibanja, shamba la migomba la nyumbani, karibu na kaburi la baba yake. Matanga yakaanuliwa.

Mama wa marehemu, Ephrasia Kokushubila, alitupa udongo kama wengine. "Nilifanya waliyotaka," anasema. "Lakini mgomba ule sikuuzaa mimi."

Kaijage sasa, mwaka 1976, ana miaka thelathini na mitatu. Ni fundi bomba bandarini Bukoba, mrefu, mpole, mwenye mikono iliyojaa makovu ya spana. Katika mkoa mzima wa Ziwa Magharibi, watu wanamjua kwa kazi nyingine ambayo hakuajiriwa kuifanya: anashuka chini ya maji na kuwarudisha watu kwao.

Kazi hiyo alijifunza likizoni. Mwaka 1973 alipanda meli hadi Mwanza, treni hadi Dar es Salaam, kisha chombo cha kuvukia kisiwa cha Mafia, kumtembelea dada yake Jovita, mwalimu aliyepangiwa kufundisha huko.

"Kabla hajanisalimia vizuri aliuliza, ndizi za kupika ziko wapi," anakumbuka Kaijage. "Nilikuwa nimezibeba tangu nyumbani. Zote zilikuwa zimeivia kwenye treni. Alizila hivyo hivyo huku akininung'unikia."

Jirani wa Jovita, Hatibu, alikuwa mzamiaji katika kituo kidogo cha uvuvi. Alikuwa akivaa mtungi wa hewa mgongoni na kushuka kuhesabu samaki kwenye matumbawe. Siku ya kwanza alimtazama mgeni kutoka juu hadi chini.

"Mhaya, huko kwenu mnavua ndizi?"

"Tunavua, bwana. Ila hazikimbii kama samaki wenu," Kaijage alimjibu.

Wakawa marafiki. Kaijage alimsimulia habari za Ildefons. Kesho yake Hatibu alimletea miwani ya maji na mapezi ya mpira.

Mara ya kwanza chini ya maji Kaijage alibana pumzi mpaka kifua kikamuuma, ingawa mpira wa kupumulia ulikuwa mdomoni. Tangu utotoni alijua sheria moja tu: ukiwa majini, funga mdomo. Hatibu alimvuta juu.

"Pumua, ndugu yangu. Hewa hiyo imeshalipiwa na serikali. Ukiibana utapasuka mapafu, na mimi nitamwambia nini mwalimu?"

Aliporudi chini alipumua. Anasema alisikia sauti ya pumzi yake mwenyewe, akaona samaki wa manjano wakimpita usoni bila kumjali, akacheka, maji yakamwingia.

Lakini katika maji ya Mafia unaona mbali, na ziwa la kwao ni kijani kizito, hata mkono wako huuoni. Kwa hiyo juma la mwisho Hatibu alimzibia miwani kwa kitambaa. Akamfunga kamba kiunoni, akatupa sufuria ya Jovita baharini, akamwambia ailete. Kaijage alipapasa mchanga kwa viganja, mstari kwa mstari, kama mtu anayepalilia. Sufuria ikarudi jikoni.

Kituo kilikuwa kimepata vifaa vipya. Kikakubali mitungi miwili ya zamani ipelekwe bandari ya Bukoba, ikafae kukagulia nguzo za gati. Kaijage aliisindikiza mwenyewe hadi Bukoba, akapanda Buganguzi kumweleza mama yake.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Ziwa limeshakula mmoja. Sasa unataka kulipelekea wa pili, tena na chupa mgongoni? Nikiwa hai, hapana."

"Nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto," anasema Kaijage. "Lakini sikuweza kuingia ziwa lile huku mama amekataa. Ningepumulia nini?"

Bandari ilimwachia mitungi aitunze, nayo ikakaa pamoja na mapezi chini ya kitanda chake, nyumbani kwake Bilele, mtaa wa Bukoba, karibu mwaka mzima.

Kisha mtumbwi ulizama karibu na kisiwa cha Musira, mbele ya mji. Kijana wa Kagondo, Clavery Byabato, hakuonekana. Wakati huo Mama Ephrasia alikuwa Bilele kwa matibabu ya miguu. Alichukua mkongojo, akaenda ufukweni kukaa na mama wa kijana, Adventina, kama wanawake wanavyokaa na mfiwa.

Alirudi siku ya pili mchana. Kaijage alikuwa anakula. Mama yake aliinama kwa shida, akayavuta mapezi kutoka chini ya kitanda, akayaweka juu ya meza, kando ya sahani.

"Mama wa watu amekaa kwenye mchanga," alisema. "Wazee wao wameshaanza kuongea habari za mgomba. Nenda, mwanangu."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nitakaa naye. Wewe nenda."

Mfanyakazi mwenzake, Privatus Ishengoma, alishika kamba mtumbwini. Chini kulikuwa giza na baridi. Kaijage alipapasa tope kama alivyofundishwa, mstari kwa mstari. Mstari wa sita mkono wake uligusa mkono.

"Nilimwambia, twende nyumbani, waitu, ndugu yetu," anasema Kaijage. "Kwa moyo, maana mdomo ulikuwa na mpira."

Clavery alizikwa Kagondo, kwenye kibanja cha baba yake. Adventina alikiosha kichwa cha mwanawe kwa mikono yake mwenyewe. Tangu siku hiyo hadi leo, mwaka 1976, Kaijage amewarudisha watu tisa. Hajaomba malipo. Mara nyingine huachiwa mkungu mlangoni.

Ameshuka pia nje ya Kemondo, mara tatu, mama yake akijua. Pale maji yanazidi kina anachoweza. "Ildefons yuko chini kuliko mtungi wangu," anasema. "Nimemwambia mama hivyo. Alisema, basi, wewe umefika mlangoni kwake."

Mipango yake ni miwili. Anataka bandari ipate mashine ya kujazia hewa, kwani sasa mtungi ukiisha husafirishwa kwa meli hadi Mwanza. Na anamfundisha kuzamia Privatus, ambaye bado anabana pumzi.

Mama Ephrasia hakurudi tena Buganguzi kuishi. Analala chumba cha mbele, Bilele. Mtu akija kumtafuta mzamiaji, saa yoyote, yeye ndiye anayefungua mlango.