Kabla hujabonyeza "nunua" kwenye ile sale ya wine, soma yaliyonikuta ukweni Ulyankulu

Wakuu, za mchana. Wakubwa zangu humu ndani, shikamooni.

Naona ile sale ya mvinyo ya mtandaoni, ile ya kila mwaka, imekaribia tena, na watu wameshaanza kuulizana humu: ni ya kweli, wanaleta hadi mikoani, nichukue ipi?

Ni ya kweli, na mikoani wanaleta. Mimi nilinunua nikiwa Tabora hii hii, na nusura inikoseshe mke.

Sitaongeza chumvi. Mashahidi ninao, na wengi wao ni wakwe zangu.

Iko hivi. Mimi ni fundi friji, mtaa wa Ng'ambo hapa hapa Tabora. Wakati huo nilikuwa na mchumba, Consolata, mwalimu wa chekechea hapa mjini. Kwao ni Ulyankulu, zile familia ambazo babu zao walitoka Burundi. Wakulima wa tumbaku, Wakatoliki wasiokosa misa.

Sasa baba yake alikuwa na donda moja. Dada mkubwa wa Conso aliwahi kuchumbiwa na jamaa wa mjini. Maneno matamu, zawadi, picha za nyumba ambayo kumbe si yake. Akamwachia mtoto, akahama na simu akazima.

Kwa hiyo Conso alipopeleka jina langu nyumbani, mzee alisema jambo moja tu: "Aje. Nikimkuta mwongo, arudi alikotoka."

Nikaambiwa niende na wazee wangu na kinywaji. Conso akaniambia baba yake anapenda divai, ile tamu ya sherehe, ya kawaida tu. Mama yangu naye akasema hiyo ipo madukani hapa hapa mjini, nenda kanunue.

Mimi? Nikasema ukweni siendi na chupa ambayo kila mtu anaijua.

Usiku, muda wa bundle ya bei rahisi, nikaingia kwenye sale. Wakuu, wale watu wanajua kukamata akili ya mtu. Kuna saa inakimbia kurudi nyuma. Kuna maandishi mekundu kwamba zimebaki chache. Bei ya zamani imepigwa mstari, ya sasa imekaa pembeni inakuchekea.

Ushauri wangu wa kwanza kwenu ni huo: ile saa isikutie jasho. Kesho yake niliingia tena, ikawa imeanza upya.

Nikachagua kwa picha. Chupa nyeusi, lebo ya dhahabu, mlima na ngome ya kizungu. Nikachukua katoni nzima ya aina moja, kwa sababu ukichukua katoni punguzo linaongezeka. Chini kulikuwa na maelezo marefu, na katikati yake wameandika wazi kabisa kwamba ni dry, yaani haina utamu. Sikusoma. Nani anasoma maelezo na saa inakimbia?

Jambo lingine, wakiandika kwamba wanafikisha Tabora, usikae nyumbani unasubiri hodi. Unafuata mwenyewe ofisi ya basi. Na ufungue katoni pale pale mbele ya wakala. Yangu chupa moja ilifika imepasuka, na kwa kuwa nilifungulia nyumbani, hakuna aliyenisikiliza.

Halafu nikaiweka karakana, chini ya bati, joto la kabla ya mvua mnalijua. Fundi friji mimi, nimezungukwa na mafriji, mvinyo wangu unachemka kwenye kona. Mama aliponiuliza kama nimeuonja, nikamjibu kitu cha wakwe hakionjwi. Huo kwetu ndio ustaarabu, mzigo wa watu unafika umefungwa.

Shikilieni hapo kwenye kuonja.

Mshenga wangu alikuwa Mjomba Ramadhani. Familia yetu ni nusu msikiti nusu kanisa, kama familia nyingi za Ng'ambo, na Mjomba ndiye mwenye mdomo kuliko wote. Alikubali kwa sharti moja: "Mimi nitabeba maneno. Chupa mtabeba wenyewe."

Tukakodi gari, Noah, shangazi akaipakata katoni njia nzima kama mtoto mgonjwa. Tukafika. Shikamoo baba, marahaba, karibuni, tukakalishwa. Baba mkwe mtu mrefu, haongei sana, anakuangalia usoni mpaka unajisikia una deni.

Mjomba akasimama. Wakuu, alimwaga Kiswahili. Akasifu ukoo wao, akasifu mashamba, akanisifu mimi mpaka nikatamani kumjua huyo kijana. Akafika kwenye zawadi.

"Hii divai si ya kila mtu," akasema. "Hii ndiyo kijana wetu anayoitumia. Anaijua, anaipenda, akaona baba yake naye lazima aionje."

Nikamwangalia Mjomba. Hatukupanga hivyo. Maneno yalimnogea tu mdomoni, ndivyo alivyo.

Kufungua ikawa kesi nyingine. Ina kizibo cha gome, na kizibuo hatuna. Nani Ulyankulu ana kizibuo? Mjomba mdogo wa Conso akakisukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko. Kikazama, mvinyo ukaruka, shati langu jeupe likapata ramani. Kwa hiyo ukinunua, angalia kizibo. Kuna chupa zenye kifuniko cha kuzungusha na hazina aibu yoyote.

Ikamiminwa glasi moja. Nikajua inaenda kwa baba mkwe. Ikaja kwa Mjomba Ramadhani.

Kumbe kwao, anayeleta kinywaji ndiye anayeonja kwanza, mbele ya watu wote, ndipo wenyeji wanywe. Ni kuonyesha kwamba kilicholetwa ni salama na aliyeleta ana moyo safi. Usipoonja, umeleta nini?

Conso hakuniambia. Nilipomuuliza baadaye akashangaa: "Kwani nyie hamuonji?" Kwake ni kama kuniambia nivue viatu mlangoni.

Mjomba Ramadhani anaitazama glasi. Glasi inamtazama. 

"Mimi dini yangu hairuhusu," akasema mwishowe, sauti ndogo.

Wenyeji wakatazamana. Mtu ameleta kinywaji na anakikataa. Nikaona uso wa baba mkwe unafunga, na mama mkwe akainamisha kichwa. Wakuu, niliogopa. Nilimwona Conso amesimama mlango wa jikoni, ameshika kitambaa kwa mikono miwili, na nikajua hapa pakiharibika hakuna siku nyingine.

Nikanyoosha mkono. "Nitaonja mimi."

Nikapiga funda la mtu anayejua anachokunywa.

Jamani. Mmewahi kutafuna ganda la ndizi mbichi? Ulimi ulikauka, mashavu yakaingia ndani, jicho moja likajifumba lenyewe. Nilijitahidi kumeza kwa heshima, uso ukagoma. Na ukumbi mzima unaniangalia, kwa sababu kazi ya kuonja ndiyo hiyo, uangaliwe.

 Watoto tu ndio walikuwa wanacheka dirishani.

Baba mkwe akauliza taratibu: "Kijana. Hii ndiyo unayoipenda?"

Nikamtazama Mjomba. Ananikonyeza, sema ndiyo. Nikisema ndiyo, nakuwa mwongo mbele ya watu walionitazama usoni. Nikisema hapana, nimemvua nguo mshenga wangu, mtu mzima, kaka wa mama yangu. 

"Hapana, baba," nikasema. "Sijawahi kuinywa. Niliiona kwenye simu, imeshushwa bei, chupa nzuri. Nilitaka mnione mtu wa maana. Mjomba hana kosa, amenisemea kwa mapenzi tu."

Baba mkwe akanyoosha mkono. Akaichukua glasi mkononi mwangu, akanywa yeye.

Akakunja uso. Jicho lile lile likajifumba.

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka akajifunika khanga, kisha ukumbi mzima ukafuata, hata Mjomba Ramadhani, aliyekuwa amesinyaa kwenye kiti. Baba mkwe hakucheka. Alimgeukia mkewe, akamwambia maneno machache kwa Kirundi, kisha akamwambia Mjomba: "Kaeni. Tuongee siku ya kuja kuleta mahari."

Chupa zilizobaki ziliisha, msiwe na wasiwasi. Shangazi yake Conso alichanganya na soda ya machungwa, ikapendwa. Wataalamu wa wine humu ndani msinitukane, mimi naripoti tu.

Kwa hiyo mnaonunua mara ya kwanza, haya ndiyo niliyoyapata. Usianze na katoni, anza na chupa moja au mbili za aina tofauti, ufungue nyumbani kwako, ukunje uso ukiwa peke yako. Soma maelezo ya chini kuliko unavyosoma bei. Kama wanywaji wako wamezoea tamu, tafuta iliyoandikwa sweet, na kama hukuipata, duka la mtaani halijafungwa. Hifadhi kwenye ubaridi. Agiza mapema, mikoani mzigo unajivuta. Na mlima kwenye lebo hauna uhusiano wowote na kilichomo.

Kubwa kuliko yote, ukipeleka kwa watu, uliza kwanza wanapokeaje kitu. Mimi niliuliza bei na siku ya kufika tu.

Tumefunga ndoa, tuna binti. Miezi mingi baadaye ndipo nilipomuuliza Conso baba yake alisema nini kile kwa Kirundi.

Akaniambia: "Alimwambia mama, mpe huyu. Sura ile hata akitaka kutudanganya haitamruhusu."

Nimemaliza, wakuu. Wenye uzoefu na hiyo sale tupeni majina ya zile tamu, maana mwaka huu ni ubatizo wa binti yetu na kinywaji naleta mimi tena. Na nyie ambao ukweni kwenu mnaonjeshwa kwanza, semeni, huwa mnafanyaje sura?