Mafuta Yalikuwa ya Nyanya

Mafuta yale yalikuwa ya nyanya. Nimesema hivyo mpaka sauti imenikauka.

Mama ana bustani ndogo nyuma ya nyumba yake, mtaani Bagira. Kila msimu wa mvua ugonjwa wa ukungu, mildiou, unaingia: majani yanapata madoa ya kahawia, nyanya zinaoza zikiwa bado mbichi. Kaka yangu alishatoa neno: zikioza tena, pale tunajenga vyumba vya kupangisha. Mama anaipenda bustani ile kuliko sisi sote, lakini hakubishana. Alinipigia simu mimi, kwa kuwa nafanya kazi katika maabara ya mimea.

Nikatengeneza mafuta ya mchaichai. Watu hudhani ni rahisi! Unachemsha mzigo mzima wa majani, unapoza mvuke wake, jikoni hakukaliki, na mwisho unapata kachupa kamoja. Nikamweleza mama: matone machache, sabuni kidogo ili yachanganyike na maji, unyunyize kabla ugonjwa haujashika, urudie mvua ikiyaosha. Akaitikia kila neno.

Niliporudi kwa mama, chupa ilikuwa tupu na madoa yalikuwa yameanza.

“Maman, ulinyunyiza?”

“Kidogo tu. Jirani alikuwa na rhume, anakohoa, nikamupakala mu kifua. Kisha bamaman ba shirika ya kanisa nabo bakaomba.”

“Ile dawa iko ya nyanya, haiko ya batu!”

“Mutu anakohoa mbele yangu, miye nibakishie nyanya?”

Niliudhika. Nikarudia kazi yote, na chupa ya pili nikaiandika kwa herufi kubwa: NYANYA. Nayo ikaisha. Nilipouliza safari hii ni nani aliyepakwa, mama akajifanya anachambua maharagwe.

Jumamosi kaka akaja na mita ya kupimia. Nyanya zilikuwa zimelala chini, nyeusi. Alipoinama karibu nami kuanza kupima, harufu ya mchaichai ikanijaa puani. Ilitoka kifuani mwake. Nilitamani kupiga kelele.

“Kikohozi je, papa?” mama akamuuliza mwanawe kwa upole.

“Iliisha, maman. Ile dawa yako iko na nguvu.”

Mama akatabasamu kwa furaha ya kweli. Kisha akapita katikati ya nyanya zake, akamshikia ncha ya pili ya mita.